Kupunguza bushi za springi nyumbani: shajara ya Hilux, Tabora

Naandika kwa ajili ya mwenye gari la mzigo aliyeuziwa bushi, yaani mipira inayokaa kati ya pini na springi, "zinazokaribiana" na zake. Gari ni Toyota Hilux ya zamani, springi za nyuma ni zile za bapa, na kazi yake kubwa ni kuleta madumu ya asali na nta kutoka vijiji vya Sikonge. Kazi naifanyia uani, Cheyo, chini ya mwembe. Presi ya kusukumia bushi sina, mashine ya kukereza sina. Nina jeki mbili, stendi, jiriwa niliyoifunga kwenye kisiki, drili na venia (kipimo cha milimita) ya plastiki.

14 Juni 2025: Kupima

Dalili ni zile zile za siku zote. Gari likipita tuta, nyuma inagonga. Ukiachia mafuta ghafla kwenye vumbi, mkia unahama kidogo ndipo unatulia. Nikapenyeza mtaimbo kati ya sheko na springi, nikabinya: pini ikacheza tunduni hadi chuma kikagusa chuma. Upande wa kulia mpira umeisha kabisa, umebaki unga mweusi.

Kwa asiyezijua: springi ya nyuma ina tundu kila mwisho. La mbele limeshikwa na pini kwenye chesisi. La nyuma limeshikwa na sheko, yaani bamba mbili za chuma zenye pini mbili, moja juu kwenye chesisi na moja chini kwenye springi. Sheko ndiyo inayoipa springi nafasi ya kurefuka mzigo unapoikandamiza. Kila tundu linakaa bushi mbili, moja kila upande, zenye umbo la uyoga. Shina linaingia ndani, kola inabaki nje ili bamba lisisuguane na springi. Tundu la mbele, la nyuma, na lile la sheko kwenye chesisi: matatu kila upande wa gari, bushi sita, gari zima 12.

Duka la spea, Gongoni. Muuzaji akanitolea boksi: "Za Hilux yako zimekwisha, kaka. Hizi tundu ni lile lile na unene ni ule ule, ni urefu tu. We kaza, zitakaa zenyewe."

Kuhusu tundu na unene alisema kweli. Urefu ndio wenye kesi. Tundu la springi lina upana wa mm 60. Shina la bushi mpya ni mm 33, kwa hiyo mawili yakikutana ndani ni mm 66, na kola zinabaki zimening'inia nje hata kabla hujashika spana. Kola yenyewe ina unene wa mm 10. Nafasi kati ya bamba za sheko, bamba zikiwa zimekazwa hadi kwenye bega la pini, yaani ngazi ya chuma inayozuia bamba, ni mm 74. Ukijumlisha springi na kola mbili, 60 na 20, tayari ni 80.

"We kaza" maana yake ni hii: bamba halifiki kwenye bega la pini, nati inakaza mpira badala ya kukaza chuma. Mpira ukichoka kidogo, nati imelegea. Na kola inavimba pembeni, kisha inapasuka pale inapoungana na shina. Mpira ukibanwa haupungui ujazo, unahama tu. Usipouachia pa kwenda utatafuta wenyewe.

Nilichoamua: shina lishuke hadi mm 29, ili ndani ya tundu ibaki nafasi ya mm 2 kati ya bushi na bushi. Kola ishuke hadi mm 8, jumla iwe 76 kwenye nafasi ya 74, ili kila kola ibanwe kwa mm 1. Vipimo hivi nimevitoa kwenye chuma. Bushi za zamani usizipime kabisa kwa kazi hii. Kola zangu za zamani zilikuwa mm 5, na huo ni mpira uliokandamizwa miaka, si kipimo cha kiwandani.

Nikanunua 14, mbili za akiba, Sh 4,000 kila moja.

21 Juni: Njia ambazo hazikufaa

Majaribio yote nimeyafanya kwenye bushi chakavu nilizoomba gereji ya jirani. Walifurahi kuziondoa.

Kisu cha jikoni, bushi ikiwa mkononi: uso unatoka umebonyea katikati na kupinda upande mmoja. Kisu kikikandamiza, mpira unakimbia mbele yake, unakatwa ukiwa umejikunja, kisha unarudi. Ukitazama kwa jicho unaona uko sawa. Weka kwenye kioo cha dirisha utaona mwanga unapita chini.

Msumeno wa chuma: meno yanajaa mpira, yanaanza kuchana badala ya kukata. Ukingo unabaki na nyuzinyuzi, na kila mchano ni mwanzo wa ufa.

Grenda: inafanya haraka kuliko zote na ndiyo mbaya kuliko zote. Mpira unaungua, moshi wake si wa kuvuta, na uso unabaki na ngozi inayong'aa. Ikiwa ya moto inanata. Ikipoa inakuwa ngumu, na ukiikunja bushi kwa vidole unaona vijiufa vinafunguka. Gereji nyingi zinafanya hivi kwa sababu mteja amesimama anasubiri. Mimi simsubirishi mtu.

Friza: wazo ni kuugandisha mpira ukatike vizuri. Nikazilaza usiku kucha kando ya migebuka ya mama, aliyeniuliza asubuhi kama siku hizi tunakula matairi. Faida ilikuwepo, ndogo. Mpira wa asili unakuwa mgumu kweli kweli kwenye baridi ya karibu nyuzi 70 chini ya sifuri, friza ya nyumbani inaishia kwenye 18 au 20. Bushi inatoka imekakamaa kidogo, na kwa jua la Tabora imeshalegea kabla hujamaliza mzunguko mmoja.

Drili: bolti ndani ya bushi, pete mbili za chuma (washa) kuibana, bolti kwenye drili, kisha kisu kinasogezwa bushi ikizunguka. Hii nimeiona ikisifiwa sana. Kwenye mpira mgumu labda. Kwenye huu, kisu kikizama tu mpira unakivuta, na mkono ulioshika kisu uko pale pale. Nimeiacha na sitairudia.

Njia zote hizi zina tatizo moja: mpira haujashikwa. Makali si shida. Ukiukamata usiweze kukimbia, hata kisu cha kawaida kinatosha.

28 Juni: Kibao cha mninga

Wazo: ubao wenye unene sawasawa na urefu ninaoutaka, wenye tundu la kipenyo cha shina. Bushi inaingizwa hadi kola iketi juu ya ubao. Kinachochungulia upande wa pili ndicho cha kukatwa, kisu kikilala juu ya ubao.

Ubao wa kwanza ulikuwa wa paleti. Laini mno: kisu kilizama kwenye ubao wenyewe, na baada ya bushi mbili uso haukuwa tena wa kulalia kitu. Nikaenda kwa seremala, akanipa masalia ya mninga, akayapiga randa hadi mm 29. Mninga mkavu ni mgumu na hauchezi sana kwa maji, na hapa maji ya sabuni yanamwagika muda wote. Tundu akalitoboa kwa keekee, Sh 3,000.

Hapa ndipo palinichukua muda mrefu kuliko kwingine kote. Bushi ya kwanza iliyokatwa kwenye mninga ilitoka safi, uso umenyooka, nikaipima: mm 27.5. Nikapima ubao: 29 pande zote. Nikakata nyingine chakavu, 27.5 tena. Kisu hakikuwa na kosa, wala ubao. Tundu lilikuwa dogo. Niliisukuma bushi kwa nguvu, na mpira uliobanwa ubavuni umerefuka kwenda mbele. Nikakata kwa usawa wa ubao, nikaitoa, ikanenepa tena na kufupika. Ni ile ile habari ya ujazo usiopungua.

Dawa: tundu likapanuliwa kwa msasa uliozungushiwa kijiti, kidogo kidogo, hadi bushi ikawa inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba na sabuni, haichezi wala haibanwi. Tangu hapo zinatoka 29, ikizidi ni 29.3.

Jambo la pili: tundu la katikati ya bushi, panapopita pini, lazima lijazwe. Likiwa wazi, kisu kinausukuma mpira kwenda ndani na uso unabonyea. Nimechonga kijiti cha mninga cha kipenyo cha pini, nikakipaka nta kidogo ili kitoke bila kung'ang'ania. Nta hapa kwetu haikosekani.

Kisu: kipande cha bapa la msumeno wa mashine, lile pana, nililolinoa upande mmoja tu. Upande bapa unalala juu ya ubao, mteremko wa makali uko juu. Ukinoa pande zote mbili kisu kinataka kupanda, na uso wa bushi unatoka na kilima.

Namna ya kukata: ubao kwenye jiriwa, kola upande wa chini imeegemezwa kibao kingine ili isirudi nyuma. Maji ya sabuni juu ya mpira na juu ya kisu. Kisu unakivuta kuuzunguka mpira, hukisukumi kupita katikati. Mzunguko wa kwanza ni alama tu, wa pili unazama, na kwenye wa tatu au wa nne unasikia makali yamegusa kijiti. Pete nyembamba ya mpira inajikunja na kudondoka, na chini yake unabaki uso mweusi usio na mng'ao, kama haujaguswa. Sabuni ikikauka kisu kinaanza kupiga kelele ya mluzi. Hapo simama, lowesha.

Mashina 12 yamekwisha. Moja, la kumi na tatu, nimelikata pia, nitaeleza.

5 Julai: Kola

Kukata mm 2 kutoka kwenye kola kwa kisu nilijaribu kwenye chakavu, ikatoka nene upande huu na nyembamba upande ule. Kipande kikiwa chembamba hivyo hakina cha kukishika.

Nikatumia ubao ule ule. Bushi inaingizwa, kola imekaa juu, inasimama mm 10 kutoka kwenye ubao. Pembeni yake nikapigilia vipande viwili vya fletibaa (chuma bapa) ya mm 8, masalia ya fundi wa mageti, Sh 2,000. Sasa tupa ikilala juu ya fletibaa zote mbili, kola imefika 8 na tupa haiwezi kwenda chini zaidi.

Tupa ya chuma inajaa mpira baada ya misuguo michache. Ile ya mbao, yenye meno yaliyochomoza moja moja, inakula vizuri ikiwa imelowa. Ukikaribia fletibaa unabadilisha: msasa namba 60 uliogundishwa kwenye kipande cha ubao ulionyooka, bado kwa maji. Mpira unatoka kama tope. Msasa mkavu unapasha moto na kuleta ile ngozi ya grenda, polepole tu.

Punguza uso wa nje wa kola, ule unaoelekea bamba. Usiguse upande wa ndani, kwenye kona ya kola na shina. Kona ile imetengenezwa na mviringo kwa makusudi, na ukiichonga iwe kali utakuwa umechora mstari wa kupasukia.

Kwa ajili ya kulinganisha, ile bushi ya kumi na tatu kola yake nimeipunguza kwa drili na msasa mkavu, jinsi wengi wanavyofanya. Nimeitia alama ya rangi nyeupe. Itafungwa juu ya sheko ya kushoto, ambako ni rahisi kuichungulia na kuitoa.

7 Julai, Sabasaba: Kufungua

Siku ya mapumziko, sina haraka. Chesisi juu ya stendi, jeki ya pili chini ya ekseli kuiinua na kuishusha hadi springi isivute wala isisukume. Usifungue pini ya sheko springi ikiwa bado na nguvu ndani yake. Jeki peke yake, bila stendi, si ya kuingia chini.

Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili chafu, tangu jana jioni, yalizilegeza zote isipokuwa moja, iliyokatwa. Mafuta hayo yafutwe kabisa kabla mpira mpya haujaingia.

Na hapa ndipo bajeti ilipoharibika. Pini za sheko zina kipenyo cha mm 18 penye uzima, ila palipokaa bushi zimelika hadi 17, moja chini ya hapo, na tumbo moja limelika kuliko jingine. Bushi mpya juu ya pini hiyo ingecheza siku ya kwanza, hata ingekatwa kwa ufundi wa namna gani. Kuna aliyenishauri nijaze kwa welding kisha nisugue kwa tupa. Pini inayobeba tani ya mzigo sitaitengeneza kwa tupa. Nimepata sheko mbili za mtumba, pini nzima, Sh 35,000 kwa zote. Pini za mbele zilikuwa salama.

Ukitaka kufanya kazi hii, anza na kufungua na kupima pini, ndipo ununue bushi.

12 Julai: Kufunga

Matundu ya springi nimeyasugua kutu kwa msasa uliozungushiwa kijiti. Bushi zinaingia kwa maji ya sabuni. Grisi ya kawaida marufuku: imetengenezwa kwa mafuta yatokanayo na mafuta ghafi, na mpira wa asili unayanywa, unavimba na kulainika.

Bamba za sheko zilifika begani kwa kukaza nati kwa mkono na spana fupi, bila kupigana. Kola zikatoka kidogo pembeni, sawa kuzunguka. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Nati zote nimeziacha zimeshika tu, gari likashushwa chini, tukapakia magunia machache ya mchanga, tukalitikisa. Kukaza kwa mwisho kumefanyika gari likiwa na uzito juu ya magurudumu yake. Ukikaza likiwa limening'inia, mpira unashikwa springi ikiwa imeachia, na kila siku ya kazi unakuwa umejinyonga.

26 Julai: Kando kidogo, Noah ya jirani

Jirani kaleta bushi za stabilaiza (fimbo ya chuma inayozuia gari kulala upande kwenye kona) za Toyota Noah, zenye umbo la D, ndefu kuliko kishikio chake cha chuma. Hizi haziingii kwenye ubao. Dawa yake ni kishikio chenyewe: bushi ikaingizwa ndani yake, kijiti cha unene wa stabilaiza katikati, chote kikabanwa kwenye jiriwa, kisu kikalala kwenye ukingo wa kishikio. Zimemalizika kabla ya chai.

Alikuja pia na mbili za poliyurethani, zile za rangi. Hizo ni nyenzo nyingine. Zinakatika kwa kisu kwa shida, ila tupa ya mbao na msasa wa maji zinazikubali vizuri kuliko mpira, kwa kuwa hazikimbii. Zisipashwe moto kabisa: zinayeyuka na kujipaka, na moshi wake ni sumu kweli.

9 Agosti: Baada ya mizigo

Gari limekwenda Sikonge na kurudi na mzigo, lami na makorongo ya ndani. Kugonga hakupo. Mkia hauhami. Mtaimbo ule ule, pini haichezi. Nati mbili zilikubali robo mzunguko, zilizobaki hazikusogea.

Bushi yenye alama nyeupe: kola imeanza kupasuka kwenye uso uliosuguliwa kwa msasa mkavu, nyufa fupi nyingi kuelekea nje, kucha inaingia. Mwenzake aliye upande wa pili wa tundu hilo hilo, pini ile ile, mzigo ule ule, hana ufa. Nimeitoa nikaweka moja ya akiba, iliyopunguzwa kwa ubao na maji.

Gharama: bushi 56,000, sheko 35,000, seremala 3,000, fletibaa 2,000, misasa 2,000. Jumla Sh 98,000, nguvu zangu sijazihesabu. Gereji walitaka 40,000 kwa kufungua na kufunga tu, kupunguza wangetumia grenda.

Kinachofuata ni bushi za mkono wa chini wa mbele. Hizo zina ganda la chuma nje na bomba la chuma ndani, mpira ukiwa umegundishwa kwa vyote viwili, kwa hiyo ubao wa mninga hautazisaidia na sitazipunguza. Ukikata mpira uliogundishwa umekata kile kinachobeba kazi. Zitanunuliwa za saizi yake hata kama ni kuagiza Dar es Salaam. Kuzitoa nitajaribu bila presi: nondo ya nyuzi ya mm 12, nati mbili, kipande cha bomba na soketi kubwa. Nondo ninayo, bomba lenye kipenyo kinachofaa bado nalitafuta.